Mtoto akisema anataka kuwa kama Sirro, mzazi amjibu nini?

Waulize watoto wa shule za msingi Butiama, Bunda au Musoma wanataka kuwa nani wakikua, na hutakosa anayejibu: "Polisi." Kwa mtoto wa Mara, jibu hilo lina jina na sura. Simon Nyakoro Sirro, mzaliwa wa Butiama, alikuwa Inspekta Jenerali wa Polisi tangu Mei 2017 hadi Julai 2022. Baada ya hapo aliteuliwa kuwa Balozi wa Tanzania nchini Zimbabwe, na mwaka 2025 akateuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma.

Wapo wazazi wanaofurahi kwa sababu wanaona ajira ya Serikali. Wapo wanaokemea kwa sababu wanakumbuka kirungu. Wote wawili huyamaliza mazungumzo kabla hayajaanza, na mtoto hubaki na picha ya televisheni peke yake: magwanda, gari na watu wanaopiga saluti.

Mzazi afanye nini? Amweleze kazi yenyewe ilivyo.

Ngazi ni ndefu

Mtoto humwona mkuu wa polisi akiwa juu tayari. Haoni konstebo, koplo, sajenti, mkaguzi, mrakibu na kamishna waliopo kati. Haoni lindo la usiku, kwata za Shule ya Polisi Moshi, wala barua ya uhamisho inayofika watoto wakiwa katikati ya muhula.

Hata mlango wa kuingilia una masharti. Matangazo ya ajira za polisi kwa kawaida hutaka cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, afya njema iliyothibitishwa na daktari wa Serikali na rekodi isiyo na uhalifu wala dawa za kulevya. Mambo hayo hayatafutwi wiki ya usaili. Yanalelewa nyumbani, kuanzia cheti cha kuzaliwa ambacho baadhi ya wazazi bado hawajakifuatilia.

Vyeo vina gharama yake

Kabla ya kuwa IGP, Sirro aliongoza Kanda Maalumu ya Dar es Salaam. Agosti 2016, akiwa kwenye nafasi hiyo, askari wanne waliuawa Mbande, Temeke. Aprili 13, 2017 askari wengine wanane waliuawa Kibiti, mkoani Pwani. Mwezi uliofuata Sirro akakabidhiwa jeshi zima, mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga yakiwa bado yanaendelea. Na jirani na Mara, Oktoba 2012, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, aliuawa kwa kupigwa risasi.

Kila askari kati ya hao alikuwa na watu wake waliomsubiri arudi nyumbani.

Anayebaki hai naye huweza kurudi na jeraha lisiloonekana. Mtu aliyeshuhudia vifo huweza kukosa usingizi, kuota ndoto za kutisha, kuwa mkali bila sababu au kukimbilia pombe. Hiyo si ulegevu, ni hali ya kiafya na ina matibabu. Kijana aliyezoeshwa kuambiwa "mwanaume halii" ataingia kazini akiwa hana namna ya kusema kwamba ameumia. Mafunzo ya kusema yanaanzia nyumbani, miaka mingi kabla ya Moshi.

Mwambieni na upande wa pili

Miaka ile mitano iliacha pia maswali. Septemba 7, 2017 Tundu Lissu alipigwa risasi jijini Dodoma, na hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo. Novemba 21, 2017 mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti. Familia yake haijamwona tena.

Mtoto mwenye umri wa kuelewa aambiwe haya bila chuki na bila kuficha. Askari hupewa nguvu ambayo raia mwingine hana, na nguvu hiyo hudaiwa majibu. Anayeitaka sare ili aogopwe anahitaji kuzungumza na mzazi wake mapema. Tazameni anavyowatendea wadogo zake anapoachiwa nyumba: je, anawalinda au anawatisha?

Kazi inayomsubiri nyumbani

Kwa Mara, mtihani mgumu wa askari huenda usiwe bunduki. Huenda ukawa Dawati la Jinsia na Watoto.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha Mara imeshuka hadi asilimia 28. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998. Bado likizo ya Desemba inapokaribia, wapo mabinti wanaokimbilia polisi au nyumba salama, kama ile ya Kiabakari wilayani Butiama.

Siku hiyo askari aliyezaliwa hapa atakuwa mbele ya binti anayetetemeka, na watakaotajwa watakuwa baba, bibi au ngariba wanaojuana na wazazi wake mwenyewe. Simu zitapigwa: "Mwanetu, hili ni la kifamilia, liache." Atakachofanya kitategemea alichokiona kwao akiwa mdogo. Kama shangazi yake alipigwa na watu wazima wakasema yaishie ndani, ameshafundishwa namna ya kufunga jalada.

Basi mtoto akisema anataka kuwa kama Sirro, mzazi amuulize: "Unataka kumlinda nani?" Asikilize jibu mpaka mwisho. Kisha amwonyeshe mahali dawati la jinsia lilipo kwenye kituo cha karibu. Hata kama atakuja kuwa mwalimu au mvuvi, kujua pa kukimbilia, yeye au mwenzake, kutamfaa leo hii.