Baharia na Abiria wa Angani

Katika visiwa vya Wabajuni, tangu Koyama iliyo karibu na Kismayuu, kushuka Chovai na Chula, hadi kukaribia mpaka wa Kenya, mtoto hujifunza mapema kwamba waliomo chomboni si wa daraja moja. Yuko nahodha, wako mabaharia, na yuko abiria. Abiria hutoa nauli yake, hukaa pale alipoelekezwa, na akifika salama humshukuru Mungu, kisha nahodha. Hakuna amdharauye kwa kulipa, kwani jahazi haliendi bila nauli. Lakini abiria huyo akishuka pwani na kuanza kutembea kwa mikogo, akiwaambia watu kuwa yeye ni baharia wa bahari kuu, watoto watamcheka mpaka mlangoni kwake.

Kicheko cha namna hiyo ndicho kilichoenea duniani mwezi wa Julai 2021. Tarehe 11, Richard Branson, tajiri wa Kiingereza, alipaa kwa chombo cha kampuni yake, Virgin Galactic. Tarehe 20, Jeff Bezos wa Marekani akaruka kwa roketi ya kampuni yake, Blue Origin, safari ya dakika 10 hivi, kwenda na kurudi. Kabla hajaondoka, watu zaidi ya laki moja walikuwa wametia sahihi ombi la kutaka asiruhusiwe kurudi duniani. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye uchungu ndani yake. Naye aliporudi aliwashukuru wafanyakazi na wateja wa duka lake la Amazon, akisema kuwa wao ndio waliolipia safari ile. Shukrani hiyo iliwachoma watu kuliko tusi.

Mbona basi wale wa kwanza walipokewa kwa heshima? Jibu wanalo askari na wake zao kabla hata ya wataalamu. Yuri Gagarin, aliyeizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, alikuwa luteni mwandamizi wa jeshi la anga la Urusi ya Kisovieti, akapandishwa cheo kuwa meja akiwa bado angani. Nyumbani aliacha mke na mabinti wawili wadogo, mmoja akiwa na umri wa mwezi mmoja na siku kadhaa. Siku mbili kabla ya safari alimwandikia mkewe barua, iwapo asingerudi. Alirudi, na barua haikutolewa. Mkewe alikabidhiwa mwaka 1968, baada ya Gagarin kufa katika ajali ya ndege ya mazoezi. Mwenzake, Vladimir Komarov, alikuwa amekwisha kufa Aprili 1967 chombo chake kilipogonga ardhi. Hao walikwenda kwa amri na kwa mshahara wa askari, hawakununua kiti.

Hata hivyo, kumbukumbu hupenda kupaka rangi mambo ya zamani. Si kweli kwamba dunia nzima ilishangilia. Mkesha wa kurushwa kwa Apollo 11, Julai 1969, Mchungaji Ralph Abernathy aliongoza maskini pamoja na mikokoteni ya nyumbu hadi karibu na uwanja wa roketi, akiuliza kwa nini mabilioni yaende mwezini ilhali watoto wa Marekani wanalala na njaa. Swali hilo ndilo lililoulizwa tena mwaka 2021, isipokuwa safari hii aliyeulizwa ni tajiri, si serikali.

Na pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na neno lake. Wamarekani walijenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya anga, na John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vile vilivyomsikiliza. Wananchi wengi hawakuamini kwamba ni masikio tu. Walishuku kuwa ni kituo cha makombora, wakafanya maandamano dhidi yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya iliamuru kiondolewe, na mwaka huo huo kikavunjwa. Yaani mwanaanga mwenyewe hakuwa na ubaya. Kilichowatisha watu ni yule aliyemtuma, na kisiwa chao kufanywa ngazi bila wao kuulizwa.

Armstrong alipokanyaga mwezi, kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri ya tarehe 21 Julai 1969, ikikaribia saa kumi na mbili. Mwezi ulikuwa mchanga, wa siku sita hivi, na pwani yote ulikuwa umekwisha tua. Waliosikia kwa redio na kutoka nje kutazama hawakuona kitu. Barazani wako waliosadiki, na wako waliokataa katakata, wakiuliza vipi mwezi unaoandamwa kwa ajili ya saumu uvaliwe viatu. Lakini hata aliyekataa hakucheka. Jambo lilikuwa zito mno kwa kicheko.

Pwani hiyo hiyo ilikwisha kuwa bandari ya angani. Baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia waliweka jukwaa la San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Hiyo ndiyo iliyowapa wataalamu orodha ya vyanzo 339 vya mionzi ya eksirei angani. Haikubeba mtu hata mmoja, nayo ilileta elimu kuliko dakika 10 za tajiri yeyote.

Lakini haki itendeke: si kila mlipaji ni mpuuzi. Dennis Tito, Mmarekani aliyelipa kiasi cha dola milioni 20 mwaka 2001, na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini aliyemfuata mwaka 2002, walifanya mazoezi ya miezi mingi Urusi kabla ya kupaa, na Shuttleworth alifanya majaribio ya kisayansi huko juu. Kwao Afrika ya Kusini alipokewa kwa fahari. Na katika chombo cha Bezos alikuwamo bibi wa miaka 82, Wally Funk, rubani aliyefaulu vipimo vya wanaanga mwaka 1961, akanyimwa nafasi kwa kuwa ni mwanamke. Yeye alialikwa bila kulipa. Waliomcheka Bezos walimpigia makofi bibi huyo.

Basi ugomvi wenyewe ni wa jina. Siku ile ile ya safari ya Bezos, idara ya usafiri wa ndege ya Marekani ilianza kanuni mpya: beji ya mwanaanga apewe yule aliyekuwa na kazi chomboni, si aliyekaa kitini tu. Ndiyo kanuni ya jahazi. Ajabu ni kwamba mwisho wa mwaka idara iliwapa beji Branson, Bezos na wenzao wote, kisha ikaufunga mpango wenyewe.

Kampuni hizi zina upande mwingine pia. SpaceX, iliyowapandisha raia wanne kwa siku tatu Septemba 2021, ndiyo iliyorusha Taifa-1, setilaiti ya Kenya, tarehe 15 Aprili 2023. Nauli ya matajiri imo katika hesabu za roketi zinazowabebea maskini mizigo yao, na anayetaka kucheka hana budi kulijua hilo pia.

Mwaka 2024 zilitoka habari za mazungumzo kati ya Uturuki na Somalia juu ya kituo cha kurushia roketi. Mahali panafaa. Mstari wa ikweta unapita kaskazini kidogo ya Kismayuu, ambako dunia yenyewe huisukuma roketi kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa, na upande wa mashariki ni bahari tupu. Tupu kwa mwenye ramani, lakini kwa mvuvi wa Koyama au Chovai si tupu, kwani ndiko zilipo riziki zake. Roketi irushwapo kuelekea baharini, eneo la bahari hufungwa. Siku itakapofungwa bahari hiyo, mvuvi atataka kujua ni kwa siku ngapi, nani atamlipa, na kama katika chombo hicho kuna mtoto wake aliyefundishwa kushika usukani, au wamo abiria peke yao.