Daktari akikagua jino tu, nani atakagua kinywa?

Shangazi yangu alikaa zaidi ya mwaka akiambiwa ana fangasi mdomoni. Mashavuni kwa ndani, kushoto na kulia, alikuwa na mistari myeupe kama utando wa buibui. Akila pilipili, machozi. Dawa za fangasi akatumia mara tatu, hola! Mtaani wakaanza kunong'ona, si mnajua weupe mdomoni Bongo unatafsiriwaje? Akapima virusi, hana. Bado akaacha kwenda kwenye vikao vya harusi.

Aliyegundua ni daktari wa meno, tena kwa bahati tu, shangazi alikwenda kung'oa gego. Daktari akasema, "Mama, hebu panua tena." Kikakatwa kinyama kidogo, kikaenda maabara. Jibu: laikeni planasi ya kinywa.

Wadau, ugonjwa huu hauambukizi. Ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia ngozi laini ya kinywa. Hukadiriwa kumpata mtu kama mmoja katika kila mia duniani, zaidi wanawake wa makamo. Hauponi kabisa, ila dawa za kupaka za steroidi hutuliza. Baadhi ya dawa za presha na za maumivu huleta madoa yanayofanana nao, kwa hiyo mwambie daktari unachomeza. Na kwa wachache, kama mmoja katika mia, hugeuka saratani baada ya miaka. Ndiyo maana unatakiwa kufuatiliwa.

Sasa hoja yangu. Takwimu nyingi za ugonjwa huu hutoka kliniki za meno. Je, kliniki anakwenda nani? Sisi tunakwenda jino likishatunyima usingizi, linang'olewa, kwaheri. Kwa hiyo kesi zikiwa chache kwenye daftari, haina maana ni chache mtaani. Na zikijaa hospitali ya rufaa, ni kwa kuwa wagonjwa wagumu hupelekwa huko.

Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nauliza: bima hiyo italipia jino au kinywa? Kukagua mashavu, ufizi na chini ya ulimi kunataka taa, kioo na dakika chache tu.

Shangazi karudi vikaoni. Nawe ukikaa kwenye kiti kile, usifumbe mdomo mpaka umwombe daktari akague pote. Au wenzangu mnasemaje?