Ujumbe wa Kifurushi Umfikie Aliyesakinisha

Sakinisha Wireshark, programu ya kunasa na kuchambua data ya mtandao, kwenye mfumo wa Debian, pokea majibu yaliyopendekezwa, kisha uifungue. Itafunguka vizuri, lakini mtumiaji wa kawaida hataruhusiwa kunasa data ya mtandao. Wakati wa kusakinisha kuna swali kama wasio wakuu wa mfumo waruhusiwe, na jibu lililopendekezwa ni hapana. Hata ukijibu ndiyo, bado lazima uongezwe kwenye kikundi kiitwacho wireshark, kisha utoke na kuingia upya. Maelezo hayo yameandikwa vizuri kwenye faili la README.Debian, ndani ya /usr/share/doc. Ni wangapi wamewahi kufika huko?

Wasiofika huishia kuiendesha programu nzima kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo, na hapo ndipo penye hatari. Wireshark huchambua data ya kila aina, hata inayotoka kwa watu usiowajua. Kasoro moja katika uchambuzi huo ikitumiwa na mtu mwenye nia mbaya, mashine yote iko mikononi mwake. Kikundi kile kiliwekwa kuzuia jambo hilo hasa. Kinga ipo, ila anayekingwa hakuambiwa.

Kwingine hali ni hiyo hiyo. Kwenye Arch, kisakinishi chake pacman huchapisha ujumbe wa kifurushi katikati ya mistari mingine. Ukisasisha vingi kwa pamoja, umekupita. Seva ya PostgreSQL kwenye Fedora haiwaki mpaka utoe amri ya postgresql-setup --initdb, lakini kisakinishi chake dnf humaliza kwa kutangaza kuwa kazi imekamilika. Anayesakinisha kwa kubofya kitufe mara nyingi haoni neno lolote.

Gentoo walishaonyesha njia. Kisakinishi chao, Portage, hukusanya maonyo ya vifurushi na kuyatoa mwishoni, kazi yote ikiisha. Habari nzito zaidi humngoja mtumiaji: huarifiwa kwamba kuna asizozisoma, naye huzisoma kwa eselect news read, tena zinaweza kuchujwa zibaki zinazohusu vifurushi alivyo navyo. Debian wana apt-listchanges, chombo kizuri cha kuonyesha mabadiliko ya vifurushi, ila kwa kawaida husema wakati wa kusasisha. Anayesakinisha kwa mara ya kwanza, ambaye ndiye mgeni, hapati kitu.

Tunataka apt ya Debian, dnf na pacman zihifadhi ujumbe huu mahali pamoja panapojulikana, ziuonyeshe mwisho wa kazi, na programu za kubofya kama GNOME Software ziusome humo humo. Watayarishaji wa vifurushi nao wajizuie. Shukrani na matangazo hayana nafasi hapo. Waandike kilichobaki kufanywa, amri yenyewe, na madhara ya kutoifanya. Kwa Wireshark mistari miwili ingetosha. Na maneno hayo yawekwe pale wafasiri wanapoweza kuyafikia, kama maswali ya debconf, mfano lile la Wireshark, yanavyotafsiriwa leo, badala ya kuzikwa ndani ya skripti kwa Kiingereza peke yake.