Mashini ya Kutarizi Haijui Kusahihisha



Katika miji yetu siku hizi nguo zilizotariziwa zinaonekana kila mahali: nembo ya shule katika shati jeupe la mwanafunzi, jina la kwaya katika joho, maua kifuani mwa gauni la bibi arusi. Zamani kazi hiyo, ambayo wengi wetu huiita broderi, ilifanywa kwa sindano ya mkono, mshono baada ya mshono. Sasa ziko familia na vyama vya akina mama ambavyo huweka akiba, na pengine hukopa, ili kununua mashini kubwa ya umeme inayoongozwa na kompyuta. Ni jambo jema, maana kazi ya halali huleta chakula nyumbani na ada ya shule kwa watoto.

Lakini je, anayenunua mashini amenunua na ufundi pamoja nayo? Hapana. Mashini hufuata kwa utii ile njia iliyoonyeshwa, wala haiulizi kama njia ni nzuri. Mwenye kutarizi kwa mkono akiona kitambaa kimejikunja, husimama na kukinyosha. Mashini haioni. Itashona juu ya mkunjo mishono elfu tano, tena kwa furaha, kama tungeweza kusema hivyo. Kosa la mkono huharibu shati moja. Kosa la mashini laweza kuharibu mia. Ndiyo sababu leo tutazungumza juu ya matayarisho, kwa kuwa faida au hasara ya kazi hii huamuliwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanzia.

Tangu mwanzo mambo yalikuwa hivyo. Mwaka 1828 Josué Heilmann, wa mji wa Mulhouse huko Ufaransa, alibuni mashini ya kutarizi iliyoendeshwa kwa mkono. Sindano zake zilikuwa na ncha pande mbili na tundu katikati. Mtu alifuatisha mistari ya mchoro mkubwa, na sindano zote ziliiga mwendo wake kwa kipimo kidogo. Mwaka 1863 Mswisi Isaak Gröbli alibuni mashini yenye uzi mrefu usiokatwa kila mara, na uzi wake wa chini ulibebwa na chombo chenye umbo la mtumbwi mdogo. Mwaka 1964 kampuni ya Tajima ya Ujapani ilitoa mashini ya vichwa vingi iliyojiendesha yenyewe. Leo mahali pa mchoro wa karatasi pamechukuliwa na faili ya kompyuta. Hata hivyo mchoro ukipotoka, kazi yote hupotoka.

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho. Tuseme fundi amekubaliana na shule kutarizi nembo katika mashati meupe 100. Mashini yake ina kichwa kimoja na sindano 15. Nembo ina rangi tatu na mishono 5,000. Afanye nini?

Mahali pa mashini

Kwanza atazame sakafu. Mashini ya karakana ni nzito. Nyingi huzidi kilo 100. Yapasa isimame juu ya sakafu ngumu, miguu yake yote minne ikibeba uzito sawasawa, wala si juu ya magurudumu yake. Pimamaji ya mwashi itamwonyesha kama imelala sawa. Kwa nini tujisumbue hivyo? Kwa sababu mashini ikishona mishono 600 kwa dakika, fremu inayoshika kitambaa husukumwa huku na huku mara 10 katika kila sekunde. Mashini ikitikisika, mshono hauanguki mahali pake, na ule mstari unaozunguka nembo huachana na rangi ya ndani.

Pili, umeme. Sote twajua jinsi umeme wa kwetu unavyopanda na kushuka. Kompyuta ya mashini haivumilii mchezo huo. Basi hapana budi kuweka kati yake na ukuta chombo cha kutuliza nguvu za umeme, pamoja na waya wa kwenda ardhini. Radi zikianza, mashini izimwe na waya uchomolewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashini nyingi za siku hizi hukumbuka zilipoishia. Hata hivyo, kabla ya kuendelea fundi airudishe nyuma mishono michache, ili uzi mpya upande juu ya ule wa kwanza na kuufunga.

Tatu, mafuta. Ile ndoano inayozunguka chini ya sindano hukimbia kuliko kitu chochote kingine katika mashini. Kila siku kabla ya kazi ipewe tone moja la mafuta meupe ya cherehani. Na kama kazi ni ya kutwa nzima, ipewe tena kama kitabu cha mashini kinavyoagiza. Kisha fundi ashone kwanza juu ya kitambaa kibovu, ili mafuta yaliyozidi yaishie huko, yasije yakachafua shati jeupe la mtoto wa watu.

Sindano na uzi

Kwa shati la kawaida sindano ya 75/11 inafaa. Kitambaa chepesi sana chahitaji sindano nyembamba zaidi, na kitambaa kizito kama jinzi chahitaji iliyo nene. Sindano ya mashini hizi ina mpini wa mviringo, kwa hiyo ni rahisi kuitia vibaya. Ule mfereji mrefu wa uzi lazima uelekee mbele, kwa fundi. Pale palipokatwa kidogo juu ya tundu lazima paelekee nyuma, kwenye ndoano. Sindano ikigeuka kidogo tu, mishono huruka na uzi hukatika. Wanaoanza kazi hulaumu uzi, kumbe kosa ni la sindano.

Kwa uzi wa juu, wengi hutumia nambari 40, wa rayoni au wa poliesta. Rayoni hung'aa vizuri, lakini shati la shule hufuliwa kila mara, na mama wa nyumbani hulitia maji ya Javel ili liwe jeupe. Poliesta hustahimili hayo zaidi. Basi kwa nembo za shule poliesta ichaguliwe.

Sasa tumefika katika jambo linalowashinda wengi: mkazo wa uzi. Uzi wa juu na uzi wa chini huvutana kama watu wawili wavutao kamba. Mmoja akizidi, mwingine huburutwa. Fundi ashone juu ya kitambaa cha majaribio mstari mnene kama herufi I, kisha ageuze kitambaa na kutazama nyuma yake. Akiona uzi mweupe wa bobini umekaa katikati, ukichukua theluthi moja ya upana, na rangi ya juu ikichukua theluthi moja kila upande, mkazo ni mzuri. Asipouona mweupe kabisa, uzi wa juu umelegea mno, au wa bobini umekazwa mno. Mweupe ukijaa nyuma yote, au ukichungulia mbele, uzi wa juu umekazwa mno, au wa bobini umelegea mno. Arekebishe kidogo kidogo, ajaribu tena. Tena afanye hivyo kwa kila sindano atakayoitumia, maana kila moja ina mkazo wake.

Kuwamba kitambaa

Watu wa ngoma wanajua kwamba ngozi isiyowambwa vizuri haitoi sauti. Kitambaa nacho huwambwa katika fremu. Kiwe kimenyoshwa sawasawa pande zote, lakini kisivutwe kwa nguvu mpaka nyuzi zake zitanuke. Kikivutwa mno, kitatulia na kupendeza ndani ya fremu. Kikitolewa kitarudi katika hali yake, na nembo itajikunja kama jani lililokauka.

Chini ya kitambaa huwekwa karatasi ya kuimarishia, ile laini inayofanana na nguo lakini haikufumwa. Mishono 5,000 huvuta kitambaa kuelekea ndani, na bila kitu cha kukishika kitakunjamana. Kwa shati lililofumwa, karatasi ya kuchanwa kwa mkono baada ya kazi yatosha mara nyingi. Lakini fulana inayonyumbuka yahitaji ile ya kukatwa kwa mkasi, ambayo sehemu yake hubaki nyuma ya nembo siku zote.

Mahali pa nembo papimwe kwa rula, patiwe alama ya chaki, na kipimo kile kile kitumike kwa mashati yote ya ukubwa mmoja. Na mfuko je? Nembo ikitariziwa juu ya mfuko uliokwisha kushonwa, mfuko utafungwa, na mwanafunzi hatapata mahali pa kutia kalamu yake. Ama mfuko utariziwe kabla ya kushonwa katika shati, ama nembo iwekwe juu yake.

Mchoro na rangi

Faili ya mchoro hutengenezwa na mtu anayejua kugeuza picha kuwa mishono. Fundi aliye mbali na mtu huyo aikague kwa makini kabla ya kulipa. Kwa uzi wa nambari 40, herufi zisizofikia urefu wa milimita 5 huzibana na kutosomeka. Afadhali maneno machache yanayosomeka kuliko methali nzima isiyosomeka.

Tena ajue kwamba faili za namna ya DST, zinazotumika sana, huhifadhi mishono lakini hazihifadhi rangi. Mashini inajua tu kwamba hapa ni mahali pa kubadili uzi. Haijui kama uwe buluu au wa manjano. Ni fundi anayeiambia: sindano ya 1 kwanza, kisha ya 4, kisha ya 2. Utaratibu huo uandikwe katika karatasi na kubandikwa karibu na mashini, ili hata msaidizi asikosee.

Kuanza kazi

Kabla ya mshono wa kwanza, fundi aiamuru mashini izungushe fremu katika mipaka ya mchoro bila kushona. Akiona sindano inakaribia ukingo wa fremu, asogeze mchoro. Sindano ikigonga fremu huvunjika, na kipande chake chaweza kuruka kwenye jicho au kuharibu ndoano. Kisha apitishe mkono chini ya fremu, mashini ikiwa imesimama, ahakikishe mkono wa shati au mgongo wake haukujikunja chini. Mashati mangapi yameshonwa kifua na mgongo pamoja! Hapo ndipo abonyeze kitufe, tena kwa mwendo wa 600 kwa dakika, ingawa mashini yaweza kufika 1,000. Mikono ikae mbali, kilemba na mikono mirefu ya nguo ifungwe, na watoto wasicheze karibu. Kila mtu wa karakana ajue kile kitufe chekundu cha kusimamishia kiko wapi.

Nembo ya kwanza itariziwe juu ya kipande cha kitambaa kinachofanana na shati, ionyeshwe kwa mwalimu mkuu, naye aikubali kwa kutia sahihi. Ndipo shati la kwanza liguswe.

Hesabu

Mishono 5,000 kwa mwendo wa 600 huchukua dakika 8 na kitu. Tukiongeza kubadili rangi, kuwamba na kukata nyuzi, tuseme dakika 12 kwa shati. Mashati 100 ni dakika 1,200, ndizo saa 20 za kazi, bila kuhesabu umeme ukikatika. Anayeiahidi shule kwamba atamaliza kesho amejitia kitanzi mwenyewe. Bobini moja ya mashini hizi kwa kawaida hutosha mishono 20,000 hadi 30,000, maana yake mashati manne hadi sita. Basi bobini 25 ziwe tayari. Uzi, karatasi, sindano, mafuta, umeme, pamoja na mkopo wenyewe, vyote viandikwe katika daftari kabla ya kutaja bei. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Wala asisahau kuhesabu shati linaloharibika. Mishono mibaya yaweza kufumuliwa kwa wembe kutoka nyuma, polepole, lakini matundu ya sindano hubaki, na katika kitambaa cheupe huonekana. Shati hilo hulipwa na fundi. Mzazi aliyelinunua kwa jasho lake hana kosa lolote. Mashati machache ya namna hiyo hula faida ya mengi yaliyotengenezwa vizuri, na habari zake hufika sokoni kabla ya fundi mwenyewe.

Basi ninyi mnaokusudia kununua mashini kama hii, pamoja na bei yake tengeni fedha za kujifunza, na majuma kadha ya kushona vitambaa vibovu tu. Nanyi vijana mnaowekwa kuwa wasaidizi, msione haya kupewa kwanza kazi ya kuwamba, kutia mafuta na kutazama nyuma ya kitambaa. Kazi hizo huonekana ndogo, lakini mashini haiwezi kuzifanya. Kushona itashona yenyewe. Kilichobaki mikononi mwenu ni kuhakikisha kwamba kinachoshonwa mara mia ni kitu kilicho sawa tangu mara ya kwanza.