Milioni Tisa Zimetoka Wapi?

Safari hii sizungumzii mawifi wala mikorogo. Nataka tuongee viza. Najua kuna shosti atasema, "Mhariri naye! Viza na mapenzi wapi na wapi?" Subiri kidogo.

Mwaka 2024 mimi na mume wangu tulikuwa tunatimiza miaka minane ya ndoa. Nairobi tumeshakwenda, Kigali tumeshakwenda, na huko Mtanzania haombi viza. Tukasema Desemba hii twende Ulaya, siku kumi, wawili tu. Watoto tuwapeleke kwa bibi yao Tanga, sisi tukapige picha kwenye baridi na makoti ya kuazima. Nikaanza kutafuta buti mitumbani kabla hata sijaijua fomu ya viza inafananaje. Wanawake tunajuana.

Kwa asiyejua, viza ya utalii ya Schengen ni moja kwa nchi 29. Inakuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, yaani kama ni Paris siku sita na Amsterdam siku nne, mlango wako ni Ufaransa. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho wa kawaida ni siku 15 kabla. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasi iwe na uhai wa miezi mitatu au zaidi baada ya siku utakayotoka kule. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa, jamani, hairudi.

Hayo yote yanawezekana. Kazi ipo kwenye stetimenti ya benki.

Mume wangu anauza spea za magari Kariakoo. Mteja mmoja analipa kwa simu, mwingine taslimu, mwingine anachukua mali kauli na kuahidi Ijumaa. Ikifika jioni pesa imeshageuka mzigo mwingine. Ukiiangalia akaunti yake ya benki utadhani duka lilishafungwa zamani. Hapo ndipo akatokea mjuaji mmoja, wale wa "mimi viza ndiyo kazi yangu". Akamshauri, "Kaka, jaza akaunti. Ukishachapisha stetimenti, rudisha hela za watu." Mume wangu akaazima milioni tisa kwa kaka yake, akaziweka. Mimi hakuniambia.

Tukapeleka makaratasi, tukachukuliwa alama za vidole, na baada ya siku chache tukaitwa kwa maswali mafupi, kila mtu peke yake. Nchi sitaitaja, haina kosa. Nikaingia mimi kwanza, nimependeza, mkoba begani. Dada wa dirishani alikuwa mpole kabisa.

"Anayegharamia safari ni mume wako. Mwezi uliopita ziliingia kwake milioni tisa. Zilitoka wapi?"

Nikajibu kwa kujiamini, "Biashara imechanganya."

Akaandika. Halafu akauliza, "Na huu mkopo anaokatwa laki sita na arobaini kila mwezi, unaisha lini?"

Mkopo? Nilitabasamu tu, maana mdomo ulikuwa umekauka. Nikasema, "Karibuni utaisha." Mume wangu naye alipoingia akasema ukweli wake, kwamba milioni tisa ni za kaka yake. Mke anasema biashara, mume anasema kaka. Hata ningekuwa mimi upande wa pili wa kioo, nisingetupa viza.

Jibu lilirudi na fomu yenye visanduku. Vilivyowekwa alama vilikuwa viwili: maelezo tuliyotoa hayaaminiki, na kuna mashaka kama tutaondoka viza ikiisha. Euro 180 zikaenda na maji.

Siku hiyo ndani ya gari hakuna aliyewasha redio. Tulifika mpaka Mwenge ndipo nikauliza, "Mkopo gani?" Akaniambia ni wa mwaka 2022, mzigo wake wa kutoka Dubai ulikwama, akakopa kuokoa duka. "Sikutaka kukupa presha, mama."

Nikawaka! Miaka miwili nyumba inalipa deni, na mimi naambiwa na mgeni nyuma ya kioo. Kilichoniuma siyo pesa. Nilikumbuka siku zote nilizomlaumu kwamba amekuwa bahili, kwamba labda kuna mwanamke, kumbe mtu anahesabu marejesho usiku peke yake. Nililala na hasira, na aibu ikalala pembeni yangu. Siku tatu chakula kilikuwa mezani, maneno hakuna.

Usiku wa nne akaniuliza taratibu, "Na wewe je? Ya kwako yote naijua?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini mimi nilikuwa na hisa kwenye kikoba, na kwa hizo hisa nilishanunua kiwanja Chanika, kwa jina langu peke yangu. Mama yangu alinifundisha kwamba mwanamke asikose chake. Nikamwambia yote. Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akacheka, lakini siyo kicheko cha furaha. "Kwa hiyo wote wawili tulikuwa na pa kukimbilia," akasema.

Sentensi ile ilinikaa.

Wasomaji wangu, sisemi umpe mwenzio namba ya siri ya kadi. Kuwa na chako siyo dhambi, na bado naamini mama alinifundisha vizuri. Lakini deni litakalolipwa na nyumba nzima linatakiwa lijulikane na nyumba nzima. Na hicho chako, mwenzio akijua kipo hakipungui. Mimi nilikificha kwa kuogopa ndoa ikivunjika, na kwa kukificha nikawa naishi kama vile imeshavunjika.

Tulichofanya baada ya hapo hakikuwa cha ajabu. Tulinunua kaunta buku, tukaandika kinachoingia, kinachotoka na tunachodaiwa. Hela za kaka zikarudi kwa mwenyewe. Mauzo ya wiki yakaanza kupelekwa benki kila Jumamosi, hata yakiwa laki mbili. Baada ya miezi minane stetimenti ilikuwa ndogo lakini inaeleweka.

Juni 2025 tukaomba tena. Kunyimwa hakukuzuii kuomba upya, ila usithubutu kuficha kwamba ulinyimwa, maana rekodi hukaa kwenye mfumo ambao nchi zote za Schengen zinauona. Tukapunguza safari iwe siku saba, inayolingana na mfuko. Tukaandika barua fupi: mara ya kwanza tulikosea hivi, milioni tisa zilikuwa za kuazima, mkopo umebaki kiasi hiki. Tukaambatanisha barua ya mwajiri wangu yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara na karatasi za kodi, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na hati ya mauziano ya kiwanja cha Chanika nayo ikaingia kwenye faili. Mume wangu ndiye aliyeitoa fotokopi.

Wewe unayejiandaa, nakusihi mambo machache. Usinunue tiketi kabla ya viza, weka nafasi tu. Usiingize kwenye akaunti hela usiyoweza kuieleza kwa sentensi moja. Usikubali barua ya mwaliko ya kutengenezwa. Anayekuuzia hatakuwepo dirishani. Kama pesa zako zinapita kwenye simu, zianzishie safari ya benki miezi kadhaa kabla, siyo wiki moja. Na kama mnaomba wawili, kaeni kwanza wawili. Muulizane yale ambayo mtaulizwa.

Tulipata. Siku saba na chache za akiba, kuingia mara moja tu. Tukaenda Agosti, makoti ya kuazima yakabaki kwenye begi, maana kule saa tatu usiku jua lilikuwa bado lipo. Jioni moja tumekaa kwenye benchi tunakula mkate na jibini, mume wangu akatoa simu akaniambia, "Leo mkopo umekatwa. Imebaki minne." Hajawahi kuniambia neno la mahaba lililonifurahisha kama hilo.

Sasa nikuulize wewe unayesoma hapa saluni ukisubiri zamu yako: kama dada yule wa dirishani angekuita leo akuulize pesa za mwenzio zimetoka wapi, na anadaiwa na nani, ungejibu nini? Usinijibu mimi. Mjibu aliyeko nyumbani.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mhariri wenu