Bustani ya Dawa Uani si Ujinga

Nimeyasoma kwa makini maneno ya muungwana mmoja aliyeandika gazetini kwamba mtu apandaye dawa uani kwake, katika zama hizi za zahanati, amerejea gizani. Nami, niishiye Chala katika uwanda wa juu wa Ufipa, naona ni wajibu kumjibu, kwani amechanganya mambo mawili yasiyolingana.

Asemapo kwamba homa kali ya mtoto haitibiwi kwa majani, asema kweli, wala sina ubishi naye: Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya artemisia kuwa tiba ya malaria, ijapokuwa artemisinini, asili ya dawa mseto tupewazo zahanati, hutoka katika mmea huo huo. Lakini mchaichai na nanaa za kutuliza tumbo, na mshubiri ambao ute wake hupakwa palipoungua kidogo, zina dhambi gani? Mfipa tangu kale hufukia majani katika matuta ya mviringo hata yakaoza yakawa mbolea. Basi kutenga tuta moja la dawa karibu na jiko si gharama wala mashaka.

Serikali yenyewe haikuona haya: mwaka 1974 ilianzishwa Muhimbili taasisi ya kuchunguza dawa za asili, na mwaka 2002 Bunge likatunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Namsihi mwandishi, badala ya kuwakebehi wasomaji wake, awahimize wapande mimea waijuayo kwa yakini, na wamweleze tabibu kila walichokunywa.