Waliohesabu Wajerumani wa Tehran

Mabishano kuhusu uvamizi uliofanywa na Uingereza na Umoja wa Kisovyeti nchini Iran Agosti 1941 yamekwama mahali pamoja kwa miaka mingi. Wajerumani waliokuwa nchini humo walikuwa tishio la kweli, au walikuwa kisingizio? Kila upande una takwimu zake. Mwaka 1940 ubalozi wa Uingereza mjini Tehran uliripoti Wajerumani wanaokaribia 1,000. Gazeti la Ettelaat likataja 690, kati ya wageni 4,630 ambao 2,590 kati yao walikuwa Waingereza. Mwaka uliofuata, propaganda ilipopamba moto, Wajerumani walihesabiwa kwa maelfu.

Toleo hili la jarida halikukusanywa ili kuamua hesabu ipi ni sahihi. Hesabu ya ubalozi ni kitendo cha kisiasa, na ndivyo inavyopaswa kusomwa. Tarehe 19 Julai na 16 Agosti 1941 Uingereza na Umoja wa Kisovyeti ziliitaka Iran iwafukuze Wajerumani. Alfajiri ya tarehe 25 Agosti, mabalozi Sir Reader Bullard wa Uingereza na Smirnov wa Umoja wa Kisovyeti walimpelekea Waziri Mkuu Ali Mansur barua zao, na majeshi yalikuwa yameshaanza kuingia. Jambo kubwa lililobadilika kiangazi hicho halikutokea Tehran: tarehe 22 Juni Hitler aliishambulia Urusi, na Urusi ikahitaji njia ya kupokelea silaha.

Njia hiyo ilikuwa reli. Iliunganisha Bandar Shahpur kwenye Ghuba na Bandar Shah kwenye Bahari ya Kaspi, kilomita 1,394, ikakamilika mwaka 1938 bila mkopo wa nje. Fedha zilitoka kwenye ushuru wa chai na sukari, yaani kila bilauri ya chai iliyonywewa na mkulima wa Isfahan ilichangia mataruma yake. Kwa miaka mingi maofisa wa Uingereza waliibeza reli hiyo kuwa mradi wa fahari ya mfalme, Reza Shah, usio na faida ya kibiashara. Mwaka 1941 ikawa mali yenye thamani kuliko zote nchini baada ya mafuta. Mtafiti anayezinukuu taarifa za maofisa hao za miaka ya 1930 kama ushahidi kwamba maendeleo ya Reza Shah yalikuwa ya juujuu tu, bila kusema kwamba walioziandika walikuwa wadau, anawapotosha wasomaji.

Maneno hayo ni makali, na yamekusudiwa hivyo. Tatizo linaanzia kwenye chanzo cha habari zenyewe. Polisi wa Reza Shah waliwafanya Wairani waogope hata kuonekana wakiingia kwenye lango la ubalozi, kwa hiyo wanadiplomasia walitegemea watu wao: mameneja wa Imperial Bank, benki ya Waingereza, wahandisi na makarani wa kampuni ya mafuta, maofisa wa telegrafu, wamisionari, na makonsuli wa Tabriz, Mashhad na Bushehr. Karibu wote walikuwa wamepoteza kitu. Mwaka 1928 wageni walinyang'anywa haki ya kutohukumiwa na mahakama za nchi. Miaka miwili baadaye Imperial Bank ilipoteza haki ya kutoa noti, ikachukuliwa na Bank Melli, benki ya taifa. Mkataba wa mafuta wa D'Arcy ulifutwa mwaka 1932, ukaja mpya mwaka 1933. Meneja wa benki aliyelalamika kwamba serikali ina kiburi na haijui kazi alikuwa pia akisimulia hasara yake.

Hilo halizifanyi taarifa hizo kuwa uongo. Teymourtash, waziri wa kasri ya mfalme, alifia gerezani kweli mwaka 1933. Waandamanaji waliuawa kweli katika msikiti wa Goharshad mjini Mashhad mwaka 1935, na taarifa za konsuli wa Uingereza mjini humo ni miongoni mwa vyanzo muhimu vya tukio lile. Mfalme alijilimbikizia kweli ardhi ya watu huko Mazandaran. Lakini habari za ardhi hiyo zilikaa kwenye majalada ya ubalozi kwa miaka. Zilitolewa hadharani Septemba 1941, Idhaa ya Kiajemi ya BBC ilipoanza kumshambulia Reza Shah kwa habari zilizotoka ubalozini Tehran. Tarehe 16 Septemba akang'atuka. Akapelekwa Mauritius, kisha Johannesburg, alikofariki Julai 1944. Ujuzi uliowekwa akiba kwa miaka na kutolewa katika wiki ambayo unahitajika kumwondoa mtu madarakani una historia yake, na historia hiyo ndiyo inayofuatiliwa na makala kuu ya toleo hili.

Aliyekuwa mwambata wa habari ubalozini wakati huo ni Ann Lambton. Alikijua Kiajemi kwa kiwango ambacho wenzake hawakukifikia, na alisafiri vijijini. Baada ya vita akawa mwalimu mashuhuri wa masomo ya Iran Chuo Kikuu cha London, na kitabu chake cha mwaka 1953 juu ya mabwanyenye na wakulima bado kinasomwa. Usomi wake hauna ubishi. Hata hivyo, vizazi vya wanafunzi vimejifunza Iran ya Reza Shah kutoka kwa mtu aliyeshiriki kumng'oa Reza Shah, na ni wachache walioambiwa hivyo darasani.

Bullard naye amewaachia watafiti barua alizowaandikia jamaa zake, zilizochapishwa mwaka 1991. Zinavutia kwa uwazi wake, na hapo ndipo pana hatari: dharau yake kwa Wairani ilikuwa kubwa kiasi kwamba Churchill mwenyewe aliandika kuwa inadhuru kazi. Wasomaji waliowahi kuandika juu ya Sultan Barghash wa Zanzibar wakiwa na barua za John Kirk, konsuli wa Uingereza, mkononi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Makala nyingine zinastahili kusomwa kwa utulivu. Moja inarudi Elkton, Maryland, Novemba 1935, balozi wa Iran alipokamatwa na polisi kwa mwendo kasi, na uhusiano na Marekani ukavurugika hadi 1939. Nyingine inawafuata Wapolandi waliopokelewa Iran mwaka 1942, zaidi ya 100,000, ambao maelfu kati yao waliishia Tengeru karibu na Arusha na Masindi nchini Uganda.

Makala ya mwisho inahusu njaa ya vita na ghasia za mkate za Tehran za tarehe 8 Desemba 1942. Mwandishi wake anamwamini sana Louis Dreyfus, balozi wa Marekani, kwa sababu alithubutu kuripoti Washington kwamba Waingereza walikuwa wakiitumia ngano kuibana serikali ya Iran katika suala la fedha. Ujasiri huo ni wa kweli, na jarida linachapisha hoja hiyo bila kuipunguza. Ila haikubaliki kwamba Dreyfus alitazama kutoka nje. Alipokuwa akiandika, Kanali Schwarzkopf wa Marekani alikuwa ameshafika kuisuka upya jandarmeri ya Iran, Mmarekani mwenzake Arthur Millspaugh alikuwa njiani kurudi kushika hazina ya nchi, na wanajeshi wa Marekani walikuwa wakishuka kwenye bandari za Ghuba kuendesha reli ile ile. Ukosoaji wake dhidi ya Waingereza ulikuwa pia wa ofisa ambaye serikali yake ilikuwa inaingia kwenye nafasi yao, na jinsi hilo lilivyoathiri alichokiona na alichokiacha ni swali ambalo makala hiyo imeliacha wazi bila kulijibu.